NYUFA ZA NYUMBA KATIKA UDONGO WA KINAMO
Tazama maji kwanza, ukuta baadaye

Kila yanapokwisha mauzo ya karafuu, wanachama wengi hugeukia nyumba zao. Fundi huitwa, saruji hununuliwa, nyufa huzibwa, ukuta hupakwa chokaa, na nyumba huonekana kama mpya. Lakini katika sehemu nyingi za Pemba, na katika baadhi ya mabonde ya Unguja, kazi hiyo haidumu. Masika yakipita na kiangazi kikipita, ufa hurudi pale pale ulipokuwa, na pengine huja na mwenzake. Mwenye nyumba humlaumu fundi, na fundi huilaumu saruji. Aghalabu wote wawili hawakutazama mahali penyewe. Ubaya uko chini ya miguu yao, katika udongo, na katika maji yanayouingia na kuutoka.

Twaandika habari hii kwa sababu fedha inayopotea hivyo ni fedha ya karafuu, iliyopatikana kwa kupanda miti mirefu na kukesha kuchambua makonyo. Si haki itupwe katika ufa ule ule kila mwaka. Tena nyumba si mali tu. Ndani yake wamelala watoto. Basi kama mwanachama hatashika neno jingine katika ukurasa huu, na ashike hili: yatengeneze maji kwanza, kisha msingi ukihitaji, na ukuta uwe wa mwisho.

UDONGO WENYEWE

Wazee wetu waliupa udongo wa visiwa hivi majina, na kila jina lina maana kwa mkulima na kwa mjenzi. Kichanga ni udongo mwepesi, na maji hupita ndani yake upesi. Kinamo ni udongo mzito wa kufinyangika, unaonata mguuni wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Katika nchi ya vilima na mabonde kama Pemba, udongo wa namna mbili huweza kukutana katika kiwanja kimoja, hata nyumba ikawa upande mmoja imekaa juu ya udongo imara na upande wa pili juu ya kinamo.

Chembe za udongo wa mfinyanzi ni nyembamba mno, mfano wa karatasi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Maji yakija huingia baina ya karatasi hizo na kuzitenga, na udongo ukavimba. Jua likiyatoa maji, karatasi hurudi kukaribiana, na udongo ukanywea. Nguvu ya kuvimba huko ni kubwa; huweza kuinua sakafu na hata ukuta. Lakini si kila kinamo ni sawa. Upo unaovimba sana, na upo unaovimba kidogo tu.

Mwanachama aweza kuujaribu udongo wake bila gharama. Tengeneza kisanduku cha mbao, urefu wake ndani futi 2, upana inchi 1½ na kina inchi 1½. Kipake mafuta ndani. Chimba udongo kutoka kina cha futi 2 au 3, uukande na maji mpaka uwe kama unga wa chapati, ukijaze kisanduku na kuushindilia vizuri. Kianike muda wa wiki moja, kwanza kivulini kisha juani, mpaka udongo ukauke kabisa. Kisha usukume udongo wote upande mmoja na kupima nafasi iliyobaki. Ikiwa ni nusu inchi au chini yake, udongo huo hauna hatari kubwa. Ikiwa ni inchi 1, jihadhari. Ikiwa ni inchi 2, huo ni udongo mkali, na nyumba haifai kukaa juu yake kwa msingi mfupi.

KWA NINI NYUMBA HUPASUKA

Lau kama udongo wote chini ya nyumba ungevimba na kunywea kwa kiasi kimoja, nyumba ingepanda na kushuka bila kuumia. Ubaya ni kuwa haufanyi hivyo. Ardhi iliyo katikati ya nyumba imefunikwa, wala haipati jua wala mvua. Ardhi iliyo pembezoni huloweshwa wakati wa masika na kukaushwa wakati wa kiangazi. Basi pembe za nyumba hushuka na kupanda, na katikati hubaki mahali pake. Ukuta wa mawe au wa matofali hauwezi kupinda kama fito, hupasuka.

Ufa wenyewe hutoa habari kwa anayejua kuusoma. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha au ya mlango, ulio mpana juu na mwembamba chini, aghalabu waonyesha kuwa pembe ya nyumba imeshuka. Ufa ulio mpana chini na mwembamba juu waonyesha kuwa katikati ya ukuta ndiko kulikotitia. Nyufa ndogo ndogo zisizo na mpango, zilizo katika lipu tu, mara nyingi si za msingi; ni lipu iliyokauka upesi.

Jambo jingine ni paa. Paa la makuti lina ukingo mrefu, na maji yake hudondoka polepole mbali na ukuta. Paa la bati aghalabu lina ukingo mfupi, na mvua ya masika huporomoka kwa nguvu karibu na mguu wa ukuta. Mtu akibadilisha makuti kwa bati asiweke mlizamu wa kuyapokea maji, huwa ameuongezea msingi wake maji ambayo haukuyazoea. Ongeza hapo maji ya kuoshea vyombo yanayomwagwa mlango wa uani, bomba linalovuja, shimo la choo lililo karibu na ukuta, na migomba iliyopandwa nyuma ya jiko ili inywe maji machafu. Kila kimoja ni kidogo, lakini vikikusanyika upande mmoja wa nyumba, upande huo hauendi sawa na mwingine.

Miti nayo ina sehemu yake. Mwembe, mfenesi au mkungu mkubwa hunyonya maji mengi, na wakati wa kiangazi mizizi yake huyafuata hata chini ya nyumba.

Wala mambo haya si ya visiwa vyetu tu. Udongo mweusi wa mbuga, huko Bara na Kenya, wajulikana kwa tabia hii. Uingereza nako, mji wa London umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya udongo wa mfinyanzi. Kiangazi cha mwaka 1976 kilikuwa kikavu mno katika nchi ile, na nyumba nyingi za kusini mashariki zilipasuka, hata makampuni ya bima, ambayo yalikuwa yameanza kukinga hasara ya namna hiyo mwaka 1971, yakapata madai mengi. Yaliyoonekana huko ni yale yale ya huku: misingi mifupi, udongo unaonywea, na miti mikubwa karibu na kuta.

PIMA KABLA YA KUJENGA

Husemwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na maneno hayo ni kweli. Lakini kuziba ufa si kuupaka saruji tu. Ni kuizuia sababu yake. Na sababu haijulikani kwa kutazama siku moja.

Chukua kalamu ya risasi, utie alama mbili, moja kila upande wa ufa, na upime nafasi baina yake. Andika ukutani tarehe na kipimo. Rudia kila mwezi. Mwaka mmoja ukitimia, masika, kipupwe, vuli na kiangazi, utajua kama ufa umesimama, au wafunguka na kufunga kwa majira, au wazidi kupanuka tu. Ufa uliosimama wazibwa mara moja. Unaofunguka na kufunga ni wa maji na udongo. Unaozidi kupanuka bila kurudi ni wa kuitia mtu mwenye elimu ya majenzi.

Kwa upana wa ufa, kipo kipimo kilichotolewa mwaka 1981 na taasisi ya Uingereza ya utafiti wa majenzi, nacho chafaa kukumbukwa. Ufa usiozidi milimita 1 ni wa kupaka rangi tu. Mpaka milimita 5 ni mdogo, hujazwa na kupakwa. Kuanzia milimita 5 mpaka 15 ni wa kati. Milango hukwama na mvua yaweza kupenya. Kuanzia 15 mpaka 25 ni mkubwa, na sehemu za ukuta zaweza kuhitaji kubomolewa. Ukizidi milimita 25, yaani inchi moja, nyumba ina hatari.

Zipo dalili ambazo hazingoji mwaka. Ukuta ulioinama hata ukaonekana kwa macho au kwa timazi. Vichwa vya boriti vinavyochomoka katika ukuta. Ufa unaopanuka kwa siku na si kwa miezi: ukiona moja katika hizi, watoe watu nyumbani kwanza, ndipo uite fundi. Na mwenye nyumba ya mlimani atazame ardhi pia. Akiona ufa wa ardhi uliopinda kama upinde upande wa juu wa nyumba, na miti ya mteremko imelala kuelekea bondeni, basi mlima wenyewe ndio unaotembea. Hapo hakuna msingi utakaomfaa. Asitie fedha yake, ahame.

KAZI YA KWANZA: MAJI

Kazi hii ndiyo rahisi kuliko zote, na nyumba nyingi hupona kwa hiyo peke yake.

Weka mlizamu chini ya ukingo wa bati, na maji yake yapelekwe katika tangi au katika mfereji uliojengwa, yasidondoke mguuni mwa ukuta. Zunguka nyumba yote kwa sakafu ya zege au ya mawe na chokaa, upana wake usipungue futi 3, iteremke kutoka ukutani kiasi cha inchi 2. Sakafu hiyo izuie mvua isiingie na jua lisikaushe. Faida yake ni kuuweka udongo wa pembezoni katika hali moja na ule wa katikati. Kwa hiyo haifai kuzunguka upande mmoja na kuacha mwingine. Nje yake chimba mfereji wa kuyaongoza maji bondeni. Kwenye mteremko, mfereji ulio muhimu zaidi ni ule wa upande wa juu, ukatao maji kabla hayajaifikia nyumba.

Shimo la choo na la maji machafu liwe mbali, futi 20 na zaidi, na kwa upande wa chini wa mteremko. Tengeneza bomba linalovuja siku ile ile. Migomba ihame ukutani.

Kwa miti, kanuni ni hii: usipande mti karibu na nyumba kuliko urefu utakaofikia. Mkarafuu uliokomaa huweza kufika futi 40 na kuzidi, basi nao huingia katika hesabu hiyo. Lakini mti mkubwa uliokwisha kuwapo usiukate kwa siku moja. Udongo wa chini yake umezoea kukaushwa. Mti ukiondoka, maji hurudi, udongo huvimba kwa miaka, na nyumba iliyokuwa ikishuka huanza kuinuliwa. Heri kuyapunguza matawi kidogo kidogo kila mwaka, na kutafuta shauri kabla ya kuung'oa. Na mkarafuu unaozaa ni mali. Mtu asiukate kwa dhana tu, kumbe kosa ni la mlizamu.

Yote hayo yakiisha, ngoja masika moja na kiangazi kimoja huku ukipima. Ufa ukitulia, umeokoa gharama ya msingi.

KAZI YA PILI: MSINGI

Ikiwa ufa haukutulia, na msingi umeonekana kuwa mfupi, ndipo hufanywa kazi ya kutia msingi mpya chini ya ule wa zamani. Kazi hii ni ya mwashi aliyekwisha kuifanya, tena chini ya macho ya mhandisi. Twaieleza si ili mwanachama aifanye mwenyewe, bali ili ajue kama afanyiwa vizuri.

Kwanza huchimbwa shimo moja la kutazama kando ya ukuta wakati wa kiangazi. Hutazamwa msingi wa zamani umeishia wapi, na udongo huanza kuwa na unyevu wa kudumu, usio na nyufa za ukavu wala mizizi, katika kina gani. Hapo ndipo msingi mpya utakapokaa. Katika kinamo kina hicho hakipungui futi 3, na mara nyingi hufika 4 au 5. Karibu na miti mikubwa huzidi.

Ukuta haufukuliwi wote pamoja. Hugawanywa vipande vya futi 3, na kwa ukuta wa zamani wa mawe na chokaa, futi 2 tu. Vipande hupewa namba kwa mpango huu: 1, 3, 2, 4, kisha tena 1, 3, 2, 4, mpaka mwisho wa ukuta. Huchimbwa namba 1 zote, zikajazwa, kisha 2, kisha 3, kisha 4. Kwa njia hii robo tu ya ukuta ndiyo huwa wazi kwa wakati mmoja, wala vipande viwili vya jirani haviwi wazi pamoja. Fundi anayetaka kufukua upande mzima ili amalize upesi, mzuie siku hiyo hiyo.

Kila kipande hujazwa zege la saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, mpaka kubaki nafasi ya inchi 3 chini ya msingi wa zamani. Zege huachwa siku mbili au tatu likaze na kunywea. Kisha nafasi ile hushindiliwa kwa nguvu saruji 1 na mchanga 3, mchanganyiko mkavu unaoshikamana tu ukifumbatwa mkononi. Kushindilia huko ndiko kunakoupokeza msingi mpya uzito wa ukuta. Kukiachwa, kazi yote ni bure.

Shimo la kinamo huonekana imara asubuhi na kuporomoka jioni. Kuta zake zizuiwe kwa mbao na vigogo, mtu asishuke peke yake, na kazi isifanywe wakati wa mvua. Tena, kutia msingi wa kina pembe moja tu ya nyumba huweza kuleta ufa mpya pale msingi mrefu unapokutana na mfupi. Mhandisi aulizwe mpaka wa kazi uwe wapi, na kina kipunguzwe kwa ngazi.

KAZI YA TATU: UKUTA

Sasa ndipo ufa wazibwa, na majira yana maana. Mwezi wa Februari, udongo ukiwa mkavu, nyufa huwa pana kabisa. Ufa uliojazwa saruji ngumu wakati huo hubanwa masika yakija, na ukuta hupasuka mahali pengine. Heri kungoja mpaka vipimo vionyeshe kuwa ufa hautembei tena.

Ukuta wa mawe na chokaa ujazwe kwa chokaa na mchanga, si kwa saruji. Chokaa ni laini na huvumilia mwendo mdogo. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, na huufungia unyevu ndani. Ufa usafishwe, uloweshwe, kisha yatiwe mawe marefu ya kuvuka kutoka upande huu mpaka huu, kila baada ya futi 2 za urefu. Ukuta wa matofali ya saruji hushonwa kwa nondo nyembamba zilizolazwa katika viungo vya matofali, zipite ufa kiasi cha futi 1½ kila upande.

Mwenye nyumba ya miti na udongo asidhani kuwa ameachwa nyuma. Nyumba yake hupinda kabla ya kuvunjika, na hilo ni jema katika kinamo. Kwake yeye kazi ni kubadilisha nguzo zilizooza, kukandika upya, na kuinua baraza ili maji yasifike ukutani.

SAKAFU YA KUANIKIA

Sakafu ya kuanikia karafuu juu ya kinamo hupasuka kwa sababu zile zile, na karafuu zinazoingia katika nyufa hupata unyevu na kuharibika. Kabla ya kumwaga sakafu mpya, ondoa kinamo futi 1, utie kichanga mahali pake na kukishindilia. Kichanga kikiwa mbali, kinamo chenyewe chaweza kuchanganywa na chokaa, kiasi cha 5 katika 100 kwa uzito, kikashindiliwa kikiwa na unyevu. Chokaa huupunguzia udongo tabia ya kuvimba. Mfereji wa kuzunguka usisahauliwe hapa pia.

MANENO YA MWISHO

Mwanachama anayekusudia kujenga nyumba mpya afanye jaribio la kisanduku kabla ya kununua hata tofali moja. Mwenye ufa tayari aanze kupima mwezi huu, kwa kuwa kalamu ya risasi haina gharama. Mavuno yakija na fedha ikipatikana, atakuwa anajua aitie wapi: katika mlizamu, katika msingi, au katika chokaa ya ukuta. Na fundi akija na mifuko ya saruji kabla ya kuuliza maji yanakwenda wapi, mkaribishe kahawa, mzungushe nyumba yote akaone, ndipo mfanye mapatano.